Baka la Kiluwiluwi wa Saba

Kila asubuhi saa mbili Modesta Kokulinda aliwachota viluwiluwi kwa chujio la chai, mmoja mmoja, akawakagua ngozi kwa kioo cha kukuzia, akaandika. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja kwenye chupa yake yenye namba, katika kituo cha utafiti wa maji huko Mkolani. Jumanne moja ya mwaka 1996, wa saba alikutwa na baka jeupe mgongoni, dogo kuliko punje ya mchele, lenye umbo la jani la mhogo.

Modesta aliogopa. Ugonjwa wa ngozi ukiingia, agizo lilikuwa kuwamwaga wote na kufunga chumba. Lakini wa saba alikula vizuri na kuogelea kama wenzake.

Jioni alimwogesha binti yake, Sabina, wa miaka sita. Baka la pajani, lililomwasha tangu kiwanda cha jirani kiuzwe na wamiliki wapya waelekeze bomba la majitaka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, halikuwepo.

"Lile jani lako limekwenda wapi?"

"Kwa yule wako wa saba," Sabina alijibu, akitafuta sabuni. "Haliwashi tena, mama."

Modesta alimkumbatia vilevile, na povu lake.

Keshokutwa yake alikuja mzee Luhaga, mvuvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mguu umepona. Nimekuja kumwona aliyelichukua baka langu."

Alionyeshwa wa nne, aliyekuwa ametoka baka asubuhi hiyo. Akalilinganisha na kovu la kujikuna mguuni mwake, akaridhika.

"Wabeja," akamshukuru kiluwiluwi, akaenda zake.

Mwezi ulipoisha, viluwiluwi wote walikuwa na mabaka na mwaloni hakuna aliyejikuna. Modesta alipeleka taarifa kwa mkuu wa kituo, Bwana Rwehumbiza.

"Viluwiluwi wazima?"

"Wazima."

"Na watu?"

"Wazima pia."

Bwana Rwehumbiza alishusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani itabidi tuwaandikie kiwandani." Akagonga muhuri.

"Na bomba, mkuu?"

"Ongeza viluwiluwi."

Modesta alichukua ndoo kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Alipopita mwaloni, watoto walikuwa wanaoga chini ya bomba, povu la kijani likiwafika kiunoni. Sabina alimpungia mkono. Modesta naye akapunga, moyo mweupe. Alichota viluwiluwi arobaini, maana hata Nyamagana mjini watu walishaanza kuulizia.