Matokeo ya Mzee Hamidi

Kila timu ina uganga wake, na uganga wa Shule ya Wavulana Rwenkende ulikuwa kahawa. Si ya kunywa. Ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu, ikaanikwa juani, ikafungwa kwenye ganda kavu la mgomba. Mzee Hamidi wa Kibeta aliiuza karibu na soko la Bukoba tangu ujana wake, na mwanawe Haruni, mshambuliaji namba tisa, hakurudi shuleni hata mara moja bila kifungu. Kabla ya mechi wachezaji walisimama duara, Haruni akapita akigawa punje mojamoja, wakatafuna wote, Walutheri kwa Waislamu, wakatema maganda pamoja. Kisha Buberwa, kapteni, alipaza sauti: "Kidole kimoja!" Wenzake wakamalizia: "Hakivunji chawa!"

Msimu huo uganga ulikuwa umekolea. Waliwafunga majirani zao mbili bila. Wakawafunga vijana wa mwambao wa ziwa tatu kwa moja. Nusu fainali waliishinda kwa penalti, kipa wao Mushumbusi akipangua mbili kwa mikono na ya tatu, kama alivyodai mwenyewe, kwa maombi ya mama yake.

Kila matokeo yalifika Kibeta jioni ileile. Mwalimu wa michezo, Kyaruzi, alimwazima Haruni simu, naye akapiga nyumbani, na kabla hata ya salamu sauti ya Mzee Hamidi ilisikika mpaka kwa waliokaa pembeni: "Mabao mangapi, mwanangu?" Tangu masika kifua kilikuwa kimemlaza mzee. Soko hakuliona tena. Wana Rwenkende hawakuwahi kumwona uwanjani, lakini hapakuwa na shabiki aliyejua majina yao kama yeye.

Fainali ilipangwa Ngenge, Jumamosi, kwenye uwanja wa wapinzani wao. Lori la shule liliwafikisha asubuhi, vumbi limewageuza wote wazee wenye mvi. Kyaruzi alikwenda kuonana na waamuzi, na kama ilivyokuwa desturi yake, alimwachia kapteni simu. Ikalia mikononi mwa Buberwa.

"Haloo, Mwalimu?"

"Mwalimu hayupo, dada. Ni mimi, Buberwa." Alikuwa ameitambua sauti ya Ashura, dada yake Haruni. Mara mbili alikwisha kula Idi nyumbani kwao.

"Buberwa." Ashura akavuta pumzi. "Baba ametutoka. Alfajiri hii. Mwambie Haruni aje nyumbani. Aje sasa hivi, umenisikia?"

"Nimesikia, dada. Poleni sa—"

Mtandao ukakatika. Ashura hakutaja saa ya maziko. Kwake halikuwa jambo la kutajwa. Nani humwambia mwenzake kwamba jua likichomoza litazama?

Buberwa alimvuta mwalimu nyuma ya lori, akamwambia. Kyaruzi alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mkasa huu ungekuwa mwepesi kusimulia. Alisimama akiitazama kofia mkononi, machozi yakimlengalenga, kisha akaanza kupanga, kwa maana kupanga ndiyo kazi aliyoizoea.

"Mechi ni saa nane. Saa kumi tumemaliza. Tunampeleka kwa lori hadi mlangoni, sisi wote, kama timu. Sasa hivi nimpandishe bodaboda peke yake, na habari kama hiyo kichwani? Ataanguka njiani. Akifika jioni atakaa na ndugu zake. Watazika keshokutwa, ndugu wa Dar wakishafika."

"Dada yake amesema sasa hivi, waitu," Buberwa akasema kwa heshima.

"Anayelia husema sasa hivi, siku zote." Akavaa kofia yake. "Lakini wewe ndiye kapteni. Wewe unaonaje?"

Buberwa aliona mambo mawili. La kwanza ni nyanya yake, aliyefariki mwaka uliopita. Mwili ulilala ndani, watu wakalala juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni, wakamngoja mjomba kutoka Mwanza, na siku ya nne ndipo alipozikwa kwenye kibanja cha migomba nyumbani, kando ya mumewe. Timu nzima ilikuja. Haruni ndiye aliyechimba kaburi kwa muda mrefu kuliko wote, akakataa kupokewa jembe. Basi kifo, kama alivyokijua Buberwa, kilikuwa mgeni anayekaa akasubiri watu watimie.

La pili hakulitamka. Lilikuwa kombe. Bila Haruni, Rwenkende walikuwa watu kumi na dua.

"Tumwambie baadaye," akasema.

Saa nane ilipokaribia, duara likafanywa. Haruni akapita na kifungu chake, na alipomfikia Buberwa akasita.

"Kapteni, wewe chukua mbili. Leo una uso wa mtu aliyenyweshwa mwarobaini."

Wenzake wakacheka. Mushumbusi akasema, "Anaogopa wakulima wa Ngenge. Wale wanapiga mpira kama wanapiga jembe."

"Asiogope," Haruni akasema. "Baba amesema leo nisimpigie simu kama sina mabao mawili. Moja halitoshi hata kukohoa."

Buberwa alitafuna punje zote mbili. Zilikuwa chungu kama zilivyokuwa siku zote, ila siku hiyo uchungu haukuondoka. Akapaza sauti, "Kidole kimoja!" na wenzake wakamalizia.

Watu wa Ngenge walikuwa wamejaa mpaka juu ya miti ya mipakani. "Maharage!" waliwazomea wavulana wa bweni. "Maharage hayo! Rudini mkachague mawe kwenye sahani!" Wenyeji walipata bao mapema. Kabla ya mapumziko Haruni alisawazisha kwa kichwa, na zomeazomea ikapungua kama moto uliomwagiwa maji.

Wakati wa mapumziko walikaa kivulini wakinyonya machungwa. Begi la jezi, lililokuwa baina ya Buberwa na Haruni, likaanza kutetemeka. Buberwa aliingiza mkono akaitoa simu. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: *Nyumbani kwa Haruni*.

"Nani huyo?" Haruni aliuliza, chungwa mdomoni.

Kidole gumba cha Buberwa kilikuwa juu ya kioo. Angeweza kumpa. Mpaka leo mkono wake unaukumbuka uzito wa simu ile, na jinsi ulivyokuwa mdogo umbali kutoka kiganja chake hadi cha rafiki yake.

"Mke wa mwalimu," akasema. Akaikata, kisha akaibonyeza mpaka kioo kikawa cheusi.

"Mwambie tuko kazini," Haruni akasema, akatema mbegu.

Kipindi cha pili kilikuwa vita. Mechi ikiwa inaelekea ukingoni, Buberwa mwenyewe alimnyang'anya mtu mpira katikati ya uwanja, akainua kichwa, akamwona Haruni akikata upande wa kushoto. Akampelekea. Haruni akamzunguka beki wa mwisho kama anavyozunguka mtu nguzo ya nyumba yake mwenyewe, akaujaza wavuni. Hakuwakimbilia mashabiki. Alimkimbilia Buberwa, akamrukia shingoni.

"Mawili! Mawili, Kapteni! Mzee leo atacheka mpaka akohoe!"

Baadaye Buberwa alikuja kujua kwamba wakati huo, huko Kibeta, wanaume walikuwa wamejipanga safu nyuma ya jeneza.

Kombe likatolewa. Nyimbo zikaimbwa. Haruni akamfuata mwalimu, mkono wazi. "Ticha, bojo, nakuomba simu yako. Nimpe mzee matokeo."

Kyaruzi akamshika bega, akamwambia. Wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine.

Haruni hakulia. Aliuliza, "Lini?"

"Alfajiri, mwanangu."

"Mmejua lini?"

Mwalimu akavua kofia. Haruni akageuka. "Kapteni?"

"Asubuhi. Tulipofika."

Haruni aliinua uso akalitazama jua. Lilikuwa limeinama upande wa Karagwe, jekundu ndani ya vumbi. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayesoma saa ya ukutani.

"Tunaondoka sasa hivi," Kyaruzi akasema haraka. "Hawawezi kumzika bila—"

"Wameshazika."

Hapo ndipo Buberwa alipokumbuka. Siku ya pili ya msiba wa nyanya yake, wameketi juu ya nyasi, Haruni alimwuliza kwa sauti ya chini, "Kwenu mnamlaza tu hivi? Kwetu angeshapumzika jana." Naye Buberwa akamtania, "Ninyi mna haraka. Sisi tuna ndugu wengi." Walicheka kidogo, kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani.

Lori lilitoka Ngenge likirukaruka. Kyaruzi alimtaka Haruni akae mbele, akakataa. Alisimama nyuma ameshika bomba, jezi mgongoni, macho barabarani. Walipoifikia lami ya Muleba upepo ukazidi, na hakuna aliyevaa koti, kwa sababu Haruni hakuvaa. Kombe lilikuwa sakafuni limefunikwa gunia. Kila kona liliviringika likagonga ubao, mpaka Mushumbusi akalikalia ili linyamaze. Walipita Kemondo ziwa likiwa limeanza kugeuka kijivu.

Kibeta walikuta wanaume wachache wamebaki kwenye mikeka nje ya nyumba. Ndani kilio cha akina mama kilikuwa kimechoka, kimekuwa mguno tu. Baba mdogo wa Haruni, Mzee Bashiri, alisimama akamkumbatia kijana na vumbi lake lote.

"Tulikungoja, mwanangu. Shehe alisema tusogeze kidogo, tukasogeza. Dada yako akapiga simu ili tujue uko wapi, ikakatwa. Akapiga tena na tena, imezimwa. Jua likawa linatuacha."

Haruni alimgeukia Buberwa. Hakuinua sauti.

"Mke wa mwalimu," akasema.

Buberwa alitazama chini.

"Mzee wangu, tusamehe," Kyaruzi akasema, kofia mikononi. "Sisi kwetu msiba hungoja watu. Tulidhani..."

"Kwenu, ndiyo." Bashiri alikuwa mpole, na upole wake uliuma kuliko kofi. "Lakini, mwalimu, tumeishi pamoja hapa tangu babu zetu. Mnakula Idi kwetu, tunakula Krismasi kwenu. Kumbe hamjawahi kutuona tukizika?"

Bashiri akamshika Haruni mkono, wakateremka kwenda makaburini, timu ikifuata nyuma kwa jezi zake, vumbi la Ngenge limegandia magotini.

Kaburi lilikuwa bichi. Maji yaliyonyunyizwa juu yake yalikuwa hayajakauka.

"Tupa udongo, mwanangu," Bashiri akasema. "Bado wahesabika miongoni mwa waliomzika."

Haruni akachuchumaa, akachota konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Udongo ulianguka juu ya udongo, ukaporomoka pembeni. Ilikuwa kama kutia chumvi kwenye chungu kikiwa kimeshateremshwa na watu wameshakula. Alibaki amechuchumaa, kiganja wazi.

"Jana kutwa alikuwa akiuliza," Bashiri akasema. "Fainali saa ngapi? Haruni atapiga saa ngapi? Nikamwambia ngoja, kesho yaja."

Haruni akainuka. Akasimama kando, akamwachia Buberwa nafasi mbele ya kaburi.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Matokeo. Anayangoja."

"Haruni, bojo..."

"Mimi sina matokeo, Kapteni. Yale ni yenu. Mwambie wewe. Mabao mangapi?" Alilitamka swali lile kwa sauti ya baba yake, bila kukusudia, na ndipo sauti yake ilipovunjika.

Buberwa akapiga hatua mbele. Mdomoni bado aliisikia ile kahawa.

"Mawili," akasema. "Mawili kwa..."

Hakuweza. Nyuma yake walisimama wenzake wote, wavulana waliozoea kumalizia kila alichokianza. Walikuwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyefungua kinywa.