Maneno ya Mwisho ya Nzanzu

Siku ya kumzika mume wangu, Nzanzu, aliyekuwa askari, nyumbani kwao Bwera, nilipewa kazi ya kusoma habari za maisha na ugonjwa wake. Ndivyo ilivyo kwao: kitu kikishasomwa kaburini, watu wote wakisikia, hakipingwi tena. Nilitakiwa kusoma kwa Kiingereza kwa ajili ya maafande waliokuja kutoka kambini Kasese. Mimi ni Mwacholi, na Lhukonzo, lugha ya kwao, naisikia kidogo tu. Mimi na Nzanzu tuliongea Kiswahili cha kambi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya jiko nikiandika. Shemeji yangu Nobert, mwalimu wa shule ya msingi, akaja kukaa nami. Alisifu mwandiko wangu. Tulipofika kwenye habari za hospitali, uso wake ukabadilika.

Nilikuwa nimeandika *he tried to speak*, alijaribu kusema. Kiharusi kilikuwa kimemvuta mdomo. Alinishika mkono, akatoa sauti kama mtu anayesukutua, akamtazama binti yetu Pretty, basi.

"Shemeji, hiyo haitoshi," Nobert alisema. "Weka *told*. *Said* mutu anaweza kusema peke yake, hata chooni. *Told* iko na mutu wa kupokea. Alituambia."

"Alituambia nini?"

"Mutoto abaki kwetu."

Nikamkumbusha kwamba siku ile yeye alikuwa sokoni Mpondwe. Akacheka kidogo, akasema hata mimi niliyekuwepo sikusikia kitu, kwa hiyo tuko sawa.

Sikubadilisha. Nilipima maneno yote niliyofundishwa sekondari, *said*, *told*, *talked*, *spoke*, na lile langu ndilo lilikuwa la kweli. Nikadhani likisomwa vile, hakuna atakayemchukua Pretty.

Kaburini nilisoma polepole. Nobert alisimama ubavuni kwangu akiwatafsiria wazee kwa Lhukonzo. Sentensi ile niliisoma mara mbili. Maafande wakainamisha vichwa. Kisha Nobert akatafsiri, na tafsiri yake ikawa ndefu kuliko maneno yangu. Ndani yake nikasikia jina la Pretty, na mimi sikuwa nimelitaja hapo. Wazee wakaitikia pamoja. Mama mkwe akamvuta mtoto, akampakata.

Nilimgeukia Afande Ojara, mkubwa wa mume wangu, Mwacholi mwenzangu, nikamnong'oneza kwamba sikusoma hivyo.

"Mama Pretty, tuzike kwanza," alinijibu, macho yake yakiwa kwenye magari.

Tukazika. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari hiyo. Wote walikuwa wamekwisha kuisikia. Jioni gari la jeshi lilinirudisha Kasese peke yangu, nikaanza kufunga vyombo, maana chumba chetu cha kambini kilikuwa kinasubiriwa na askari mwingine.

Sasa napanga chumba Nyamwamba, hapa hapa Kasese. Jumapili napiga simu Bwera. Pretty amesahau Kiswahili, anaongea Lhukonzo tupu. Nobert ndiye anayeshika simu, ananitafsiria anachosema mwanangu.