Aya ya Mahame

Ofisini kwetu Singida tulidhani mwandishi mkuu wa hotuba za Rais angekuwa pande la mtu, mwenye miwani mizito na sauti ya kutikisa madirisha. Akashuka kwenye basi mtu mfupi, viatu vimejaa vumbi, mkoba umefungwa kwa kamba ya katani. Mlinzi akamwambia asubiri nje kama wengine. Akasubiri kweli, nusu saa nzima, akipiga soga na akina mama waliokuwa wakiuza vitunguu.

Hiyo ilikuwa Novemba 1975, siku nne kabla ya ziara. Aliitwa Ezekieli, mzaliwa wa Ulemo kule Iramba, aliyeondoka kwao akiwa mdogo kwenda shule na tangu hapo akirudi kwa misiba tu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumchapia, kwa kuwa nilikuwa mchapaji mwepesi kuliko wote pale, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mkubwa wangu, Bwana Bonifasi, aliyesimamia vijiji vipya, aliniita pembeni akaniambia nichunge ulimi wangu. Ulimi wangu ulikuwa na sifa yake ofisi nzima.

Ndugu Ezekieli hakuandika. Alivua koti, akawa anatembea kutoka ukutani hadi dirishani akisema hotuba kwa sauti, nami nachapa. Alisema hotuba iliyoandikwa kwanza ndipo isomwe huwa inanuka wino. Akishasema aya moja, ananiomba nimsomee, na wakati nasoma hatazami karatasi, ananitazama mimi. Siku ya kwanza nilikereka. Nilidhani ni yale yale ya wakubwa wa Dar es Salaam na macho yao, kumbe mwenzangu alikuwa kazini.

Siku ya pili tukafika sehemu ya kijiji cha Umoja. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka mmoja nyuma, kando ya barabara ya kwenda Ihanja, na hapo ndipo mkutano ungefanyika. Mama yangu, Anastazia, alikuwa mmoja wa waliohamishiwa huko.

"Kijiji cha Umoja," akasema Ndugu Ezekieli akiwa dirishani, "katika mwaka wake wa kwanza tu, kimevuna uwele gunia mia nane na arobaini katika shamba la pamoja. Kwa hiyo mahame yote, yale makazi ya zamani yaliyohamwa, ambayo sasa hayana kazi, yatazungushiwa uzio kuanzia Januari, yawe ranchi ya taifa."

Vidole vyangu vikasimama.

"Mbona kimya?"

"Mashine imekwama, ndugu."

Akaja, akainama, akabonyeza herufi tatu. Zikachapika vizuri, nyeusi tii. "Mashine nzima hii," akasema. "Dada Theodora, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii. Mchapaji akisimama katikati ya sentensi, sentensi ndiyo mgonjwa. Ina nini?"

Nikajifanya nanyoosha karatasi. Ripoti yenye zile gunia niliichapa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi hivi, huku nikijua kuwa ni uongo. Gunia zilikuwapo, mia nane na arobaini kamili, hakuna aliyeongeza hata debe. Uongo ulikuwa mahali zilipotoka.

Sisi Wanyaturu hatulimi ardhi, tunalima samadi. Zizi la ng'ombe liko uani, shamba linaanzia pale pale zizi linapoishia, na udongo wake umelishwa mavi ya ng'ombe tangu enzi za mababu. Mtu akituhamisha ametuhamisha mwili, chakula kimebaki nyuma. Kule Umoja walipimiwa shamba kubwa zuri, limenyooka kwa kamba, nalo ni mchanga mtupu. Uwele ukaota, ukafika magotini, ukakata tamaa. Mwaka wa kuhama watu walikuwa wameona mapaa ya nyumba zao za tembe yakibomolewa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba analima alikotoka. Wakawa wanaamka alfajiri, jembe ndani ya kanga, wanakwenda mahame, saa tano wako shamba la pamoja wakijifanya wanapalilia. Mavuno wakayabeba kichwani kidogo kidogo, wakayajaza kwenye ghala la kijiji. Bwana Bonifasi alipolifungua ghala, nusura atoe machozi kwa furaha.

Walijificha vizuri mno. Laiti wangelikuwa wazembe kidogo katika kuficha, mtu angewashtukia na kuwakaripia, yakaisha. Sasa uongo wao ndio uliokuwa unawanyang'anya mashamba. Na Rais akishalitamka jambo mbele ya umma, nani tena wa kulitangua?

"Basi twende tukamsalimie mama yako," akasema Ndugu Ezekieli akichukua koti.

Sikuwa nimemtajia mama. Nadhani aliwauliza wale wauza vitunguu, maana alikuwa mtu wa kuuliza.

Tukaenda kwa Landrova ya ofisi. Mama alitupokea kwa heshima zote, akakunja magoti kumsalimu mgeni kana kwamba ni askofu, na mgeni naye akamwahi: "Shikamoo, mama." Mama akacheka. Akatupikia ugali wa uwele na mlenda, akatuletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Walitaniana kuhusu Wanyiramba na Wanyaturu, nani alimfundisha mwenzake kula. Nilianza kuona huenda tungeondoka salama.

"Uwele huu mtamu, mama," akasema Ndugu Ezekieli akinawa. "Umevunwa wapi?"

"Shamba la kijiji, mwanangu," akajibu mama bila hata kupepesa jicho. "Lile pale. Linazaa, sifa kwa Mungu."

Nilimpenda mama kuliko kitu chochote, na wakati ule nilimchukia kwa jinsi alivyosema vizuri. Nikaona Januari imefika na seng'enge imepita katikati ya shamba la bibi yangu. Nikajua nikimwacha mtu huyu anyanyuke kwenye kigoda, imekwisha. Lakini nikisema, mama atakuwa mwongo mbele ya Ikulu, kijiji kizima kitakuwa kimeasi, Bwana Bonifasi atakuwa amedanganya taifa, na mimi sina kazi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

"Mama," nikasema, "mwambie ulikovuna."

Akanigeukia, akasema kwa Kinyaturu kwamba ninyamaze. Nikamjibu kwa Kiswahili, ili mgeni asikie, kwamba sitanyamaza. Nikaeleza yote: alfajiri, jembe ndani ya kanga, gunia kichwani, na ripoti niliyoichapa nikijua. Mama alijifunika uso kwa upande wa kanga. Sijawahi kuona aibu kubwa kiasi kile, na mimi ndiye niliyeileta nyumbani kwake.

Ndugu Ezekieli hakukasirika wala hakutikisa kichwa kama walimu. Aliuliza tu, "Ni mbali?"

Ni maili tatu. Tulikwenda kwa miguu, mama mbele, bila kunisemesha. Kule mahame kuta za tembe zilikuwa zimebaki nusu, na zizi la babu lilijulikana kwa miti yake michache iliyosimama. Ndugu Ezekieli alichuchumaa, akachota udongo, mweusi na laini. Akaunusa, akakaa nao mkononi muda mrefu.

"Wa kwetu Ulemo ulikuwa hivi hivi," akasema. "Nimeandika habari za kilimo miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimesahau."

Mama akamgeukia. "Sasa mtatufanya nini?"

"Mficha uchi hazai, mama," akajibu. "Hebu tuzae kwanza, mengine yatafuata."

Kuandika aya ile kulituchukua siku nzima iliyofuata. Kusema ukweli kulikuwa rahisi. Kilichomtesa ni kuusema bila kumvua nguo mtu yeyote mbele ya watu. Akiwataja wanakijiji kuwa walidanganya, kesho yake mgambo watakuwa mlangoni. Akimtaja Bonifasi, amemwua. Alitembea kutoka ukutani hadi dirishani mpaka nikapata kizunguzungu. Alisema, akafuta, akasema tena, nami nikachana karatasi na kaboni zake mpaka kapu likafurika. Mwishowe nilimwambia, kwa ule ulimi wangu, kwamba anazunguka sana kwa mtu anayetaka kusema jambo moja.

"Lipi?" akauliza.

"Kwamba waliogopa."

Akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Kisha akaisema aya yote kwa mara moja, nami sikusimama hata kwenye nukta.

Jioni ile akaisoma kwa simu ya upepo, kituo cha polisi, sentensi moja moja, huku mtu wa Ikulu upande wa pili akiiandika. Akaambiwa asubiri. Aliniambia wazi kuwa huenda aya ikikataliwa na kazi yake ikaondoka nayo, na kwamba mkewe amekuwa akimtaka afuge kuku siku nyingi. Alicheka. Asubuhi simu ikaita. Aya imekubaliwa. Neno moja tu limebadilishwa: alipoandika "nawasamehe," mkuu wa nchi ameandika "tusameheane." Ndugu Ezekieli alinisomea badiliko hilo, akatoka nje, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho kwa leso. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Siku ya mkutano mbingu zikafunga tangu asubuhi. Saa tatu mvua ikaanza, ya kwanza msimu ule, na kila mtu Singida anajua uwanja wetu wa ndege ulivyokuwa ukilowa. Ndege ya Rais ikageuzwa ikarudi Dodoma. Ikaja amri kwa simu kwamba mkutano usivunjwe, hotuba isomwe kwa niaba yake na mwenyeji wa shughuli.

Mwenyeji wa shughuli alikuwa Bwana Bonifasi.

Nilimkabidhi hotuba mimi mwenyewe, chini ya turubai pale Umoja. Akaipitia haraka haraka mpaka ukurasa wa nne. Hapo akasimama. Uso wake ulibadilika rangi, akanitazama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Nilitegemea anifukuze pale pale. Akakunja karatasi, akapanda jukwaani, nami nikabaki nimeshika mwavuli nikijua kwamba anaweza kuiruka aya ile kama mtu anavyoruka dimbwi. Nani angejua? Watu elfu mbili pale hawakuwa na nakala. Ndugu Ezekieli alikuwa amesimama karibu nami, midomo yake inakwenda pamoja na ya msomaji.

Bwana Bonifasi akasoma salamu. Akasoma habari ya elimu ya watu wazima, akasoma habari ya kisima. Akafungua ukurasa wa nne, akanyamaza. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Niliwaona watu wa mstari wa mbele, mama yangu akiwa kati yao, wameinamisha vichwa kama wanaosubiri fimbo. Naye aliwaona. Nadhani ni hapo alipoelewa kwamba muda wote ule wamekuwa wakimtazama yeye namna hiyo.

Akasoma, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya jukwaani:

"Nimeambiwa mmevuna gunia mia nane na arobaini. Ni kweli, nanyi mmezitolea jasho. Lakini zimetoka mahame, kwenye udongo uliolishwa samadi na babu zenu. Hamkusema, kwa sababu mliogopa. Ninyi mliogopa kusema, na sisi hatukuuliza. Tusameheane. Ranchi haitajengwa pale. Limeni mahame yenu mchana, jua likiwaka, kila mtu awaone. Na samadi ya mazizi mapya iende shamba la pamoja, pole pole, mpaka nalo liwe na babu zake."

Akanyamaza tena, maana palitakiwa makofi.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazamana. Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na mama akasimama, akakung'uta kanga, akaondoka. Mama akamfuata. Wakafuata kumi, wakafuata mia, mpaka uwanja mzima ukasimama na kuanza kwenda, huku hotuba ikiwa imebakiza kurasa tatu. Mgambo walitaka kuwazuia, Bwana Bonifasi akawaashiria wawaache. Ardhi imelowa, na uwele haumsubiri mtu amalize kusoma. Walipita nyumbani kuchukua majembe, wakaingia njia ya mahame wakiwa wameyabeba mabegani, wazi kabisa, wanaongea kwa sauti.

"Miaka kumi na miwili," akasema Ndugu Ezekieli, "sijawahi kuandika hotuba iliyosikilizwa namna hii."

Mama alirudi kunitafuta. Hakuwa amenisemesha kwa siku tatu. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya ofisini, akanipa jembe. "Vua hivyo," akasema. "Mbegu haipandwi kwa visigino."

Nilikuwa naviweka kwenye mfuko Bwana Bonifasi alipotufikia, hotuba imelowa mkononi mwake, suruali ina matope. Alimwamkia mama shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuliuliza mwaka mzima nyuma.

"Mama, hayo mahame yenyewe yako wapi?"

Mama alimtazama kwa muda. Niliona anapima, kama anavyopima chumvi kwa mkono.

"Nifuate," akamwambia, akatangulia.