Uwanja wa Maharage

Siku tuliyofika uwanjani na maharage yetu vichwani tukakuta magari yamejaa juu yake, mama mkwe wangu alisema, "Labda wamesahau." Mimi sikusema labda. Nilibwaga mzigo wangu mpaka maganda mengine yakapasuka, nikatoa tusi moja ambalo mkwe hapaswi kulisikia. Alijifanya hajalisikia. Miaka yote niliyokaa naye, kujifanya hajasikia ndiyo kazi anayoiweza kuliko zote.

Huo uwanja nitaueleza, maana wapo watu wanaodhani maharage huzaliwa yakiwa ndani ya mfuko wa dukani. Yakikauka shambani yanang'olewa na mashina yake, yanaanikwa, yanapigwa kwa fimbo mpaka maganda yaachie, halafu yanapepetwa. Huwezi kuyapigia popote tu. Bondeni kwetu udongo ni tifutifu, ukiyapiga kule nusu yanazama. Nyumbani ni mteremko mtupu. Ndiyo maana bibi zake mume wangu walichagua kile kilima chenye upepo, wakakisawazisha, wakakisiriba kwa udongo wa mfinyanzi na samadi, wakakikanyaga kwa miguu yao mavuno baada ya mavuno mpaka kikawa sakafu. Familia zote zenye mashamba bondeni zinapuria pale. Mtunzaji wake ni mama wa nyumba yetu. Leo ni mama mkwe wangu, na akifumba macho nitakuwa mimi.

Mavuno yakiisha, uwanja ni wa kila mtu. Watu wamechezea mpira pale, wamefanyia harusi, wamekaushia matofali. Ukiutaka unakwenda kwa mama, unasema, "Naomba uwanja," naye anakujibu, "Tumia." Hakuna anayetaja mwisho, kwa sababu kila mtu anaujua: mpaka maharage. Ukiona watu wameanza kung'oa, unakusanya vyako, unafagia mpaka usibaki unyasi, unaondoka. Mwenye uwanja hafagii. Anayefagia ni yule aliyeazimwa, na akishafagia, hakuna neno lingine.

Basi shamba la juu, lililopakana na uwanja, liliuzwa, likaota nyumba. Kuta, mageti, vioo, mbwa wanaolala mchana na kubweka alfajiri. Mwenyekiti wa hao wageni tulimwita Bwana Utaratibu, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Alikuja kwa mama kistaarabu kabisa, akakaa kwenye kigoda, akasema barabara yao ya ndani bado haijakamilika, wanaomba kuweka magari pale kilimani. Mama akasema, "Tumieni." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukapona kweli.

Walipoanza kulaza vitofali vya saruji juu ya uwanja, sisi tuliwaona. Tungekosa vipi kuwaona? Ila mama alifurahi. "Unaona watu wenye shukrani?" akaniambia. "Wanatuwekea sakafu ya kupuria." Kwake hilo ndilo lililoingia akilini, kwamba mtu akiazimwa kitu anakirudisha kikiwa kizuri zaidi. Akawapelekea mafundi maji ya kunywa. Hata ukuta ulipopanda, alisema utazuia mbuzi.

Sasa tulikuwa nje ya huo ukuta, getini, wanawake wa bondeni wote na mizigo yetu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani. Maharage yaliyokauka yakinyeshewa yakiwa kwenye maganda yanaota humo humo. Hayaliwi, hayapandwi. Chakula chetu na mbegu yetu ya msimu ujao vyote vilikuwa pale chini, miguuni petu.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wetu, tumemlea. Mama yake alikuwa pembeni yangu na mzigo wake.

"Fungua," akamwambia.

"Mama, niko kazini."

"Na mimi niko wapi, arusini? Fungua."

"Nikifungua wananifukuza."

"Hilo koti walilokuvika ndilo linakupa kiburi? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu."

Tulicheka, hata mimi niliyekuwa nafoka. Yeye hakucheka. Aliangalia viatu vyake, akaenda kumwita mkubwa wake.

Bwana Utaratibu alikuja amevaa kandambili na kikombe cha chai mkononi. Alimsalimia mama mkwe wangu shikamoo, nitamtendea haki hapo. Mama akaitikia, akamwambia maharage yameiva.

"Hongereni," akasema.

"Kwa hiyo tumekuja."

"Karibuni. Mnauza?"

Mama akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mtu kitu anachokijua tayari, kwamba uwanja unahitajika. Yule bwana akatabasamu tabasamu la kumwonea mtu huruma.

"Mama, mimi nilikuja kwako nikakuomba. Ukasema tumieni. Mashahidi wapo. Tumetengeneza kwa nguvu zetu, watu wameshagawana nafasi za magari. Kuna utaratibu sasa."

"Nilisema tumieni," mama akakubali. "Ni kweli."

Hapo ndipo nilipomchukia kwa muda, na sioni haya kulisema. Nilimchukia kwa ule ukweli wake. Mtu anakunyang'anya uwanja wa bibi zako, nawe unamsaidia kuthibitisha!

"Mgeni siku mbili," nikasema kwa sauti ya kusikika, "siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmekaa siku ngapi?"

"Dada, tusitukanane."

"Sijakutukana. Nikikutukana utajua."

Mama akaniambia, "Ulimi wako huo," kama anavyoniambia kila siku. Lakini mimi nilikuwa nimeshainama. Nikafungua mzigo wangu, nikayamwaga maharage pale pale barabarani, mbele ya geti. Mama wa mlinzi akamwaga yake. Wengine wakafuata, mpaka njia yote ikawa maharage, kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule. Gari la kutoka ndani lingelazimika kutukanyaga sisi kwanza.

Wakatoka wote. Mmoja alikuwa anachelewa kazini, mmoja alikuwa na mgeni wa kumpokea, mama mmoja mwenye kilemba cha hariri alilalamika vumbi linamkera kifua. Alihamia shamba, huyo, halafu anashangaa kukuta vumbi. Walibishana wenyewe kwa wenyewe nyuma ya geti. Yule wa kazini akampigia Bwana Utaratibu kelele kwamba shida yote ni yeye. Mwishowe geti likafunguliwa, na yule bwana akaja kwa mama na uso wa mtu anayetoa sadaka.

"Tumekubaliana," akasema. "Kwa leo tu, tunawaazima uwanja. Kwa ubinadamu."

Tunawaazima. Nililirudia neno hilo kimya kimya. Nilimtazama mama nikitegemea atakataa. Alitazama mawingu, akatazama maharage.

"Asante," akasema. "Tutatumia."

Tulizoa maharage yetu njiani, wakayatoa magari, sisi tukaingia. Vitofali vilikuwa na mistari myeupe ya rangi, tukaanika maharage juu ya mistari. Tulipiga. Mtu akiniuliza nilipura nini siku ile, sikupura maharage. Nilipura ule ukuta, ile kandambili, kile kikombe cha chai, na lile "kwa ubinadamu". Fimbo yangu ilivunjika nikachukua nyingine. Juu kwenye roshani zao walitupiga picha kwa simu. Wengine walituonyesha kwa watoto wao, kama vile tumeletwa na sarakasi. Mama alipepeta upande wa upepo, ungo unapanda unashuka, hasemi kitu, na maganda makavu yakaruka yakatua juu ya magari yaliyokuwa nje. Hilo lilinipooza kidogo.

Tulimaliza mvua ikinukia. Maharage yalikuwa kwenye magunia, mazuri, yanang'aa, hata punje moja haikuwa imeota. Uwanja mzima ulikuwa umefunikwa na maganda na mashina mpaka vifundoni.

Bwana Utaratibu akaja na funguo za gari mkononi.

"Hongereni kwa kazi. Sasa mama, kabla hamjaondoka, mfagie. Pawe safi kama mlivyopakuta."

Mama akageuka akalitafuta fagio. Tulikuwa nalo, huwa tunalo la kukusanyia punje. Alipoinama kulichukua nilishindwa kuvumilia, nikamshika mkono.

"Mama, usifagie. Nakuomba. Ukifagia leo umekwisha, na mimi nimekwisha pamoja nawe."

"Niachie mkono," akasema.

Nikamwachia. Alitembea nalo polepole katikati ya maganda, mgongo umepinda kwa kazi ya kutwa, mpaka akasimama mbele ya yule bwana. Akamwekea fagio mkononi, juu ya zile funguo, akavifunga vidole vyake kulizunguka, kama unavyomshikisha mtoto kijiko.

"Uliniomba uwanja, nikakuambia tumieni," akasema. "Maharage yameingia leo. Aliyeazimwa ni wewe. Fagia, mwanangu, uondoe vitu vyako."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Yule bwana alibaki amelishika fagio pamoja na funguo zake. Watu wake walikuwa wanamtazama kutoka roshani. Mlinzi alikuwa anatazama chini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Tulijitwika magunia yetu tukatoka. Hakuna aliyefagia. Mvua ilitukuta njiani, na nyuma yetu ikayalowesha yale maganda yakagandamana na vitofali. Najua yatanuka kabla ya wiki kwisha. Najua pia kwamba kesho geti litakuwa na kufuli jipya na mlinzi mwingine, na kwamba huenda wakatuitia askari. Si mjinga mimi, na mama naye si mjinga.

Nyumbani, nilipokuwa namsaidia kuvua kanga iliyolowa, nilimwambia, "Mama, leo nilikuchukia."

"Nilikusikia," akasema. "Na lile tusi la asubuhi nililisikia pia."

Kisha akaniambia nitafute fimbo mbili nzuri, zisizovunjika haraka, nizianike juu ya moshi wa jiko. Msimu ujao tutazihitaji.