Mama Mlezi

Bangwe ukitaka kujua nani anatarajia posa, huulizi. Unaangalia nani kaazima viti. Jumamosi ile viti vya nusu mtaa vilikuwa uani kwa Melania, vya plastiki na vya mbao, hadi benchi la kigango, na kila mwenye kiti alipata sababu ya kupita kuona kama kiti chake kimekaa vizuri.

Wageni walikuwa wanashuka kutoka Kalinzi, milimani, kwa akina Selestini, watu wa kahawa, kuja kumposa Skolastika, binti mkubwa wa nyumba. Baba wa binti, Feliksi, alikuwa safarini, bandari ya Mpulungu, na boti la mizigo, kwa hiyo mdogo wake Castory ndiye aliyevaa koti la ubaba siku hiyo. Samaki wa ziwani walipikwa, kuhe wakakaangwa, migebuka ikalala kwenye mawese, na harufu ikatoka hadi barabarani kuwatangazia waliokuwa hawajasikia.

Jambo moja tu lilimnyima Melania usingizi, nalo lilikuwa mtoto wake wa pili, Happiness.

Happiness hakuzaliwa kiziwi. Alikuwa ameshaanza kuita mama pale homa ya uti wa mgongo ilipompata, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Lakini nani atakaa akusikilize umweleze habari ya homa? Watu wakishaona mtoto haitiki, wanaanza kuhesabu wajomba. Jana yake Mama Nikodemu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kusaidia kumenya ndizi, akamenya na maneno. Alisema watu wa milimani huulizia ukoo kabla ya tabia. Alisema kuna posa ya kule Mwandiga ilivunjika kwa sababu ya mjomba mwenye kifafa, na mjomba mwenyewe alikuwa ameshakufa. Akashauri mtoto afichwe. Melania akajibu kuwa akimficha, nani atawanawisha wageni mikono? Ndizi zikaendelea kumenywa, ila lile neno lilibaki palepale jikoni.

Nyumbani kwao mtoto huyo aliongeleshwa kwa kidole. Kidole kwenye ndoo, maana yake kachote. Kidole kwenye chanja za kuanikia dagaa, maana yake kageuze. Skolastika peke yake ndiye aliyejifunza ishara mbili tatu za mdogo wake. Wanawake wa ufukweni walipiga soga juu ya kichwa chake kama vile kichwa chenyewe ni nguzo ya chanja. Habari zote za Bangwe zilipita pale, za waume na za wake, na hakuna aliyewahi kushusha sauti kwa ajili ya Happiness.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Alikuwa darasa jumuishi la Mwalimu Winfrida, wanaosikia na wasiosikia pamoja, na mmoja mwenye macho mazito aliyesomea herufi kubwa kama za bango. Mwalimu alikuwa ameweka kwenye vishikwambi programu ya mtandaoni ambayo mtu akisema, maneno yake yanapanda kwenye kioo yakiwa yameandikwa. Na Happiness akiandika, kishikwambi kinasoma kwa sauti ya kike, iliyonyooka kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Tangu apate kile kitu, mtoto aliyekuwa analala darasani akawa anauliza maswali hadi mwalimu anaomba maji ya kunywa.

Melania hakuyajua haya. Wazazi walipoitwa shuleni kuonyeshwa, alisema ana dagaa mchangani na wingu limetanda. Wingu halikuwepo. Hakutaka tu kuonekana kwenye ule mstari wa wazazi, kila mmoja na mtoto wake anayetazamwa. Mwalimu alikuwa amefungua pia kundi la wazazi la WhatsApp, akawa anatuma video fupi za lugha ya alama. Siku moja Mama Nikodemu aliazima simu ya Melania apige mara moja, akalisoma jina la lile kundi kwa sauti mbele ya wanawake wote wa chanjani: "Wazazi wa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu." Kuanzia siku hiyo Melania alilinyamazisha kundi, akalisukuma chini kabisa asilione tena.

Kwa hiyo likizo fupi ilipofika na Happiness akarudi na kishikwambi kwenye mfuko wa kitambaa, kikiwa na laini yake, ili watoto wazoee kukitumia na watu wa nyumbani, mama yake hakuuliza. Alimwona anakitumbulia macho, akajua ni katuni. Akafurahi hata, maana mwenye katuni hasumbui wageni.

Wageni wakafika. Mshenga alikuwa Mzee Telesphory, mrefu, mpole, fimbo mkononi, na pamoja naye shangazi wa Selestini, mama mnene mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya kila mtu anyamaze amsikie. Walisalimia kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, kama watu wa nyumbani. Castory akaitikia kwa Kiha. Melania akaitikia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha redioni, ili wajue kwamba binti wanayemtaka katoka nyumba ya mjini. Hapo ndipo alipojichongea. Kile kishikwambi hakikukijua Kiha hata kidogo. Mzee Telesphory alipozungumza kilijaza takataka, na Happiness, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akatabasamu peke yake. Melania alipofungua kinywa, maneno yalipanda safi, moja baada ya jingine, kama wanafunzi wanaoingia darasani.

Happiness aliwanawisha mikono, akarudi kwenye kigoda chake. Shangazi alimfuata kwa macho. Akasema amemsalimia mtoto yule tangu mlangoni, mbona haitiki?

Castory alimtazama shemeji yake. Nyuma ya pazia Skolastika aliacha kusokota pindo la kanga yake. Na Melania, aliyekuwa na usiku mzima wa kufikiri na bado hakuwa na jibu, alisikia jibu likitoka lenyewe.

"Msimjali, hasikii. Si wa kwangu huyo. Ni wa Mrundi mmoja, Ndayikunda, tulikuwa tunauza naye dagaa. Alirudi kwao akaniachia. Namlea tu, kwa ajili ya Mungu."

Castory alipaliwa na maji. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma. Mazungumzo yalikuwa yanageukia kwingine pale Happiness alipoinamia kioo chake. Alikitazama muda mrefu. Hakulia. Kisha vidole vyake vikaanza kutembea, na sauti ya mtangazaji ikajaa sebule.

"Shikamooni wageni. Mnisamehe, sisikii, lakini nasoma mnayosema. Ninaitwa Happiness. Namshukuru mama mlezi kwa kunipa chakula na mahali pa kulala."

Wageni walishangaa wakacheka, wakataka kukiona kile kifaa, Mzee Telesphory akasogea na fimbo yake. Melania peke yake hakusogea. Katika maneno yote yale alikuwa ameshika mawili tu. Nasoma mnayosema. Alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba.

Shangazi alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alisema ameingia nyumba nyingi kuposea wanawe, lakini nyumba inayomlea mtoto wa watu hadi mtoto mwenyewe anashukuru mbele za wageni, hajaiona. Binti wa mama kama huyu, alisema, ataishi na watu. Posa ikapita kama kisu kwenye parachichi. Wakaagana kwamba Jumamosi inayofuata watarudi na wazee. Melania alisifiwa hadi getini, na kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, humezi wala hutemi.

Kesho yake asubuhi sauti ilitoka jikoni. "Mama mlezi, chumvi imekwisha."

Ufukweni, mbele ya wanawake wote wa chanja: "Mama mlezi, upepo unapeperusha dagaa, nifunike?"

Hakuwa na kiburi hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Alikula baada ya wengine. Alikunja nguo zake akaziweka pembeni, mbali na za dada yake. Mama Nikodemu, aliyekuwa amemshauri mwenzake kumficha mtoto, alikuwa wa kwanza kulichukua lile jina. Akawa anaitisha ndoo kwa kelele juu ya ukuta, mama mlezi, hebu nisaidie, na wenzake wanainamia dagaa wao mabega yakicheza. Halafu mmoja wao akakumbuka kuuliza kile kifaa kinasoma tangu lini. Soga ikakatika ghafla ufukweni. Kila mtu alikuwa anarudisha nyuma maneno yake mwenyewe.

Jioni moja Melania alikishika kishikwambi kwa mara ya kwanza. Akakisogeza mdomoni, akasema kwamba alisema vile kwa ajili ya dada yake, kwamba mtoto akikua ataelewa. Happiness alisoma. Safari hii alizima sauti, akaandika, akamgeuzia mama yake kioo asome mwenyewe.

"Ulisema mbele yao. Useme mbele yao."

Melania alimwendea Skolastika. Alitaka aambiwe afanye nini, na akaambiwa. "Subiri niolewe kwanza, mama. Ukisema sasa utaniharibia. Mdogo wangu hatakwenda popote, yupo." Skolastika hakuwa mbaya. Alimpenda Selestini, na alikuwa ameshaanza kuaga ufukwe.

Mama alikubali. Akaenda akakaa nyuma ya nyumba na simu yake, na kwa kukosa mahali pa kuweka macho akalivuta lile kundi la wazazi kutoka chini alikolizika. Video zilikuwa zimejipanga, hakuna hata moja aliyoifungua. Akabonyeza ya kwanza. Mwalimu Winfrida hakuwa ndani. Aliyekuwa ndani ni Happiness, amevaa sare, kasimama mbele ya ubao, anawafundisha wazazi wa wenzake alama: maji, chakula, nimechoka. Akabonyeza nyingine. Happiness tena. Chini yake wazazi wengine walikuwa wameandika hongera, na mmoja kauliza huyu binti hodari ni wa nani. Hakuna aliyemjibu. Katika video ya mwisho mtoto anaonyesha alama ya mama, anairudia polepole kwa watu wazito kuelewa, halafu anatazama kamera na kungoja, kama mwalimu anayengoja darasa lirudie.

Melania aliifunga simu. Akakaa na kanga usoni mpaka mbuzi wa jirani wakarudishwa.

Jumamosi wazee wa Kalinzi walifika na viti vikawa vimeazimwa tena. Shangazi alikuja na zawadi ya kitambaa kwa ajili ya yule mtoto wa kulelewa. Happiness hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni kama mfanyakazi anayengoja kutumwa, kishikwambi kifuani. Mzee Telesphory alikohoa kuanza, na Melania akaomba samahani ya kumkatiza mzee. Alimwendea mtoto, akakichukua kifaa kwa mikono miwili. Skolastika, aliyekwisha kuitwa akae mbele ya wageni, alimtazama mama yake na kutikisa kichwa, kidogo tu.

Melania alisema kwa Kiswahili, polepole, akitazama maneno yake yanavyopanda.

"Huyu ni mwanangu. Nimemzaa mimi na Feliksi, hapa hapa Bangwe. Homa ndiyo iliyochukua masikio yake. Nilimkana mbele yenu kwa kuogopa mtamkataa dada yake, na yeye akawa anasoma."

Akakirudisha kifaa kwa mwenyewe. Shangazi alikunja kile kitambaa mapajani, akakikunja tena kikawa kidogo.

"Kwa hiyo hata ule moyo mzuri haukuwepo," alisema.

Melania alijibu kwamba haukuwepo.

Wazee walikula kidogo, kwa heshima ya nyumba, kisha Mzee Telesphory akasema neno kama hili halijibiwi ugenini, watalipeleka nyumbani na jibu litashuka. Wakapanda pikipiki zao. Wenye viti walikuja kuvichukua mapema kuliko desturi, wakitembeza macho. Mama Nikodemu alichukua chake bila kuuliza kitu, na kwa Mama Nikodemu hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa. Skolastika alijifungia chumbani, na mama yake alipogonga alijibiwa na mlio wa kitanda tu.

Usiku ule kila mtu alilala na njaa kwenye nyumba iliyojaa samaki.

Asubuhi Melania alikuwa uani anaosha sufuria zilizobaki, kichwa chini, asikutane na macho ya mtu juu ya ukuta. Jibu la Kalinzi lilikuwa bado. Sauti ya mtangazaji ikatoka jikoni.

"Mama, chumvi imekwisha."

Aliiacha sufuria majini. Akasikiliza kama kuna neno jingine linalofuata, halikufuata. Aliingia jikoni akitembea kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu, akapita karibu na mtoto bila kuthubutu kumtazama, akafikia kopo la chumvi kwenye kishubaka.

Lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

Alilifunika. Alisimama pale ameupa mlango mgongo, akihangaika na mkono wake wa kulia, akijaribu kukumbuka ile alama ya mama ilivyokuwa inakaa kwenye video.