Sindano ya Kwanza

Hebu niambie, umewahi kumwona mwanamume mwenye wajukuu akisusa chai kwa ajili ya sindano? Si sindano ya hospitali, wala ya cherehani. Nasema ile ndogo ya mashine ya santuri, inayoshuka taratibu juu ya sahani nyeusi, ikakwaruza kidogo, ndipo muziki ukafuata.

Zahoro, muuza maturubai na kamba za malori pale Tunduma, alisusa. Siti mkewe alimwekea chai ya tangawizi na chapati ya moto, maana Juni ile baridi ilikuwa inang'ata masikio, naye akaisukuma sahani pembeni kama mtoto aliyenyimwa nyama.

"Baba Naila, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nirudishie simu yangu. Umeikodolea tangu umetoka kuswali."

Kwenye simu kulikuwa na picha. Eliudi, wakala wa forodha, aliiweka kwenye stetasi yake kila mtu aione. Mwenyewe ameketi kwenye kochi, meno yote nje. Pembeni yake Ngassa, kofia mkononi. Katikati yao santuri, jalada la kijani limekunjika pembe moja. Chini ameandika: "Mulopa kafika, na sindano nimeshusha mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkata Zahoro maini.

Ngassa ni Msukuma, mfugaji wa bondeni Momba. Zahoro ni Mzigua wa Korogwe. Walikuwa watani kabla hawajawa marafiki, na kilichowafunga pamoja ni jazi ile isiyochorewa njia, ambayo kila mpigaji anaachiwa aende anakotaka, wakikutana wamekutana. Wengi wakiisikia huuliza kama redio imeharibika. Kwake Ngassa sola inatosha taa tu, basi kila santuri aliyoipata kwa wachuuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliileta kwa Zahoro, imefungwa kwenye shuka. Nao walijiwekea desturi: mwenye santuri mpya haishushii sindano mwenyewe. Humpa mwenzake, kama unavyomtangulizia mgeni maji ya kunawa. Kumpa mtu sindano ni kumwambia, masikio yako kwanza, yangu baadaye.

Na hii haikuwa santuri ya hivi hivi. Ilikuwa ya Mulopa, mpuliza saksafoni wa Ndola, ambaye wao walikuwa na sahani yake moja tu, ya Zahoro. Miaka mingi waliitafuta ya pili. Zahoro alikuwa akifumba macho na kusema, "Wengine wanapuliza kama wamevamiwa na nyuki. Mulopa hana haraka. Anapuliza kama mtu anayetoka kuzika." Ngassa alikuwa akitikisa kichwa, hasemi neno.

Zahoro akaitoa sahani yake kabatini, akaizungushia kanga ya Siti, akavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwasalimia."

"Na santuri kwapani? Salamu gani hiyo, Baba Naila?"

Akatoka. Bodaboda ilimpitisha kando ya foleni ya malori, na njia nzima aliomba Mungu santuri ya watu iwe imepinda.

Haikuwa imepinda. Ilikuwa inazunguka vizuri kwenye mashine mpya ya Eliudi, na maspika mawili yamesimama ukutani kama askari. Lakini si hayo yaliyomuuma. Kilichomuuma ni kumkuta Ngassa amevua kandambili, miguu juu ya zulia, kikombe cha kahawa ya Mbozi mkononi, kama mtu aliye kwao.

"Karibu, mzee," Eliudi akainuka. "Tulikuwa tunakutaja."

"Mlinitaja kwa lipi? Wazigua hatuitwi, tunaonyeshwa picha."

Ngassa akacheka, ila kicheko kikafia njiani. "Mzigua, kaa kwanza usikilize."

Zahoro akakaa kwenye ukingo wa kiti. Saksafoni ilikuwa inaruka juu, kali, nyepesi, ngoma zikiifukuza. Eliudi akafumba macho kama yeye Zahoro anavyofumba, na hilo nalo likamchoma. Alisikiliza akitafuta kasoro kama mwanamke anayechambua mchele wa mke mwenza.

"Huyu si Mulopa," akasema.

"Jalada limeandikwa Mulopa, mzee."

"Jalada hata mimi naandika. Mulopa hapigi mbio. Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Basi weka yako tulinganishe," Eliudi akasema kwa upole, na upole ule ulimuudhi kuliko matusi.

Zahoro akafungua kanga. Hakumwachia Eliudi, aliishusha sindano mwenyewe. Sahani ile alikuwa anaijua kama njia ya chooni kwake. Mwanzoni kabisa, kabla ya saksafoni, kuna mtu anakaribisha watu kwa Kibemba, "Mwaiseni, mukwai," kwa sauti nzito ya kukoroma. Siti alishampa jina: yule babu.

Sindano ikakwaruza. "Mwaiseni, mukwai!"

Alikuwa mwanamke. Tena msichana, sauti nyororo, ana kicheko mdomoni.

Halafu Mulopa akaingia, mbio, anaruka, nyuki wote nyuma yake.

Zahoro akabaki amekodoa macho. Akakumbuka mkanda wa mashine yake ulivyokatika, kabla hata hajaipata sahani hii, akaenda kukata kipande cha tyubu ya lori la Fuso, akakifunga, mashine ikazunguka. Alijisifu wiki nzima kwamba fundi ni yeye. Kumbe mpira ulilegea tangu siku hiyo, mashine ikawa inajikokota, na Mulopa wake wa msibani alikuwa ni tyubu tu.

"Ngassa. Ulijua?"

Ngassa akaipinda kofia yake. "Nilikuwepo unakata ile tyubu. Nilisikia siku ile ile mashine inavyojikokota."

"Na ukanyamaza! Umekaa kwangu, unakula wali wangu, unatikisa kichwa!"

"Ulikuwa unampenda sana vile. Ningekuambiaje kwamba babu yako ni binti?"

Eliudi akabana kicheko, kikamponyoka puani. "Samahani, mzee. Mkanda wenyewe nitakuagizia, huna haja ya..."

"Nani kakuomba mkanda?"

"Zahoro," Ngassa akasema, na si kawaida yake kumwita jina. "Hii ya pili nimeitafuta na wewe. Nilitaka mara moja tu nimsikie anavyopuliza mwenyewe. Ndiyo maana nikaileta huku. Ningeileta kwako, ningesikia tyubu."

Ilikuwa haki, na Zahoro aliijua kuwa ni haki, lakini wivu haujui haki. Aliitazama mashine mpya, akalitazama zulia, akazitazama kandambili za Ngassa zilizopangwa mlangoni pa mtu mwingine. Mulopa alikuwa bado anakimbia. Hakuna aliyemsikiliza.

"Basi unataka nini, Mzigua? Santuri? Ichukue, nenda nayo."

"Siitaki."

"Unataka nini?"

Zahoro akakunja kanga ya Siti, akaikunja tena ikawa ndogo kama leso.

"Nilitaka uniite," akasema. "Hapa hapa, kwenye mashine ya huyu huyu. Uniambie tyubu yangu mbovu, halafu sindano unipe mimi."