Vitundu Sita

Kosa lilikuwa la Obwocha, na yeye mwenyewe hakuwa na ubishi nalo. Ni mkono wake ulioziba vitundu sita vya hewa katika darasa la nasari, kwa simiti safi, ukuta ukabaki laini kama shavu la bwana harusi. Fundi mwenye diploma! Alifundishwa darasani kwamba makaa yakiwaka ndani, hewa yake mbaya inataka njia ya kutokea. Akaiziba njia.

Shule iko juu mlimani, mbele ya Nyansiongo, mahali ambapo mwezi wa saba watoto wanakuja wamevaa soksi mikononi. Jiko la chuma lililetwa pamoja na bomba lake la kutolea moshi. Jiko likabaki darasani. Bomba likaenda kwa Mzee Anyona, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, kwenye banda lake la vifaranga.

"La shule litakuja lingine Jumatatu," Anyona alimwambia. "Kwa sasa ziba hivyo vitundu, joto linapotea bure. Mama zetu walikandika nyumba mpaka ufa wa mwisho. Nani alikufa?"

Nyumba zile zilikuwa za nyasi, moshi ulipenya juu kwenye paa. Hii ni ya mabati, na chini yake dari ya mbao. Obwocha alijua. Hata bomba alilifunga mwenyewe pale bandani, huku akitania: "Mzee, vifaranga wako watapumua kama wabunge." Kisha akatia sahihi karatasi ya kusema kazi imekamilika, kwa sababu bila sahihi darasa halingefunguliwa, na watoto wake wawili walikuwa wanasomea chini ya turubai.

Siku ya kufungua alimwambia Nyanchoka, mwalimu wa nasari aliyeandikwa na wazazi, "Mwalimu, mlango uwe unauacha wazi kidogo, usije ukanikaushia watoto kama samaki wa Ouma kule Keroka."

Nyanchoka alicheka mpaka akafuta machozi. Na nani hushika onyo la mtu anayecheka?

Jumatatu ilipita bila bomba. Jumanne yake mvua ilikuja na upepo, ikapiga moja kwa moja mlangoni. Nyanchoka akafunga. Watoto walipoanza kulala juu ya madawati alifikiri ni utamu wa joto. Alipotaka kusimama, magoti yakakataa. Akawavuta nje mmoja mmoja mpaka kwenye matope, wote kumi na wanane. Wa mwisho alikuwa Mose, wa miaka mitano. Mpaka leo yuko hospitalini Kisii, macho wazi, hamjui hata mama yake.

Ijumaa kikao kikaitwa. Madam Anyiko, afisa aliyetumwa na ofisi ya elimu, alikaa mezani na faili yake, Mzee Anyona kando yake. Wazazi walijaa ukutani. Nyanchoka alipewa benchi ya wanafunzi.

"Nani aliwasha jiko?" Madam Anyiko aliuliza.

"Ni mimi."

"Nani alifunga mlango?"

"Mvua ilikuwa inaingia, madam."

"Nimeuliza nani."

"Ni mimi."

Obwocha akasimama. "Madam, mwalimu hana makosa. Aliyeua hewa ni mimi."

Anyona akacheka kwa sauti. "Madam, huyu ndiye fundi wetu! Juzi matangani kwa shemeji yangu alichekesha hata pasta."

Watu wakacheka. Walicheka kama watu walioteremshiwa mzigo.

"Leo sitanii. Bomba liko kwa kuku. Twendeni mkalione, ni hapo tu nyuma ya kanisa."

Kicheko kikakatika. Madam Anyiko akatoa karatasi kwenye faili. "Hapa imeandikwa bomba lilifungwa darasani. Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi bomba liko darasani."

"Keti, fundi," Anyona alisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Una watoto hapa. Na mwezi ujao tunajenga darasa la nne."

Madam Anyiko akamsukumia Nyanchoka barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa imepigwa chapa tayari, na tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi. Nyanchoka akaisoma mpaka mwisho, akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akainua macho kumtazama Obwocha.

"Ulijua," alisema. Hakuuliza.

Akachukua leso yake, akatoka. Nyuma yake chai ikaingia, na sahani ya ndizi za kuchemsha. Viti vikasogezwa, mtu akaomba kijiko.

Obwocha alikuwa bado amesimama. "Madam, hapo kwenye jina lake, naomba uandike langu."

Madam Anyiko alifunga kalamu.

"Naomba mniandike," Obwocha alisema tena.

Sukari ilikuwa inazunguka mezani.